Paa la jengo la nyuma: shajara ya michango inayosimamiwa na wazazi pamoja na shule, Katuba, Lubumbashi

Septemba, kabla ya mkutano mkuu

Shajara hii inaandikwa na katibu wa kamati ya wazazi, ile inayojulikana kwetu kwa jina la COPA, katika shule moja ya sekondari ya Katuba, mjini Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na nakala yake hubandikwa kila mwisho wa mwezi kwenye ubao wa matangazo ulio karibu na ofisi ya Bwana Prefe, mkuu wa shule. Mradi wenyewe ni rahisi kueleza. Tunataka kuezeka upya jengo la nyuma lenye madarasa manne, ambalo kuta zake za matofali ya kuchoma, yaliyofinyangwa kwa udongo wa kichuguu, bado zina nguvu, lakini mabati yake yameliwa na kutu, na pepo za mwanzo wa mvua za mwaka jana ziliung'oa upande mmoja. Lililo gumu ni kupatana juu ya nani ataomba fedha, nani atazipokea, nani atazitoa, na nani atasimama mbele ya wazazi siku watakapouliza zimekwenda wapi.

Mtu asiyejua historia ya mifuko yetu atashangaa kuona tunagombania vitabu vya risiti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mishahara ya Serikali ilipokuwa haina thamani tena na walimu wakagoma, chama cha kitaifa cha wazazi, ambacho baadaye kiliitwa ANAPECO, kilipatana na maaskofu wa Kanisa Katoliki kwamba wazazi wawalipe walimu motisha ili shule zifunguliwe. Hatua hiyo ya dharura ilidumu karibu miaka thelathini. Katika muda huo wote fedha ya mzazi iliingia shuleni, kisha sehemu yake ikapanda kwenye ofisi za juu, kila ngazi ikikata fungu lake, na mzazi akabaki na kipande cha karatasi chenye muhuri. Septemba 2019 Serikali ilianza kutekeleza elimu ya msingi ya bure katika shule za umma, jambo ambalo Katiba ya mwaka 2006 ilikuwa imeliandika katika kifungu cha 43. Sekondari haikuguswa na hatua hiyo, na ada zake zinaendelea kupangwa kwa amri ya gavana wa mkoa. Kwa hiyo mzazi anayeingia katika kikao cha michango huku kwetu huingia na kumbukumbu moja tu, kwamba yeye hulipa na wengine huamua.

Kwenye karatasi ushirikiano upo tayari. Kando ya COPA kuna COGES, baraza la uendeshaji wa shule, ambalo huongozwa na mkuu wa shule mwenyewe, na ndani yake huketi wajumbe wa walimu pamoja na mwenyekiti wa COPA. Ila mara nyingi mwenyekiti wetu huitwa kutia sahihi kwenye muhtasari uliokwisha kuandikwa, tena saa ambayo fundi amekwisha kulipwa malipo ya awali. Ndiyo maana kamati yetu haikupendekeza kuunda chombo kipya, kwa kuwa vyombo tunavyo vya kutosha. Tulichoomba ni kwamba mipaka ya kila mmoja iandikwe kabla ya mtu yeyote kutoa mchango.

Oktoba, mkutano mkuu

Mapendekezo mawili yalipelekwa mbele ya wazazi, na yote mawili yalikataliwa.

La kwanza lilitoka shuleni: mchango wa paa uongezwe juu ya minerval, yaani ada ya shule, na ukusanywe na mhasibu wa shule kwenye dirisha lile lile. Kwa mtazamo wa utawala ni njia nyepesi, kwa sababu orodha za wanafunzi zipo na mhasibu yupo kila siku. Lakini mama mmoja mwenye mtoto wa darasa la saba, ambalo kwetu ni la sekondari, alisimama akauliza swali ambalo halikujibiwa: siku watoto wasiomaliza minerval watakaporudishwa nyumbani, nani atatenganisha deni la minerval na deni la bati? Alikuwa na haki. Mchango ukishaandikwa kwenye kadi moja na ada, mtoto ndiye atakayeadhibiwa kwa ajili ya kitu ambacho mzazi wake aliambiwa ni hiari.

La pili lilitoka kwa baadhi ya wazazi wenzangu, nami siwalaumu kwa ukali wao. Walitaka kamati ichange, inunue, iajiri fundi na kujenga, kisha shule ikabidhiwe paa likiwa tayari. Bwana Prefe alijibu kwa utulivu: "Wazazi wangu, mtoto wa mwaka wa mwisho akipata diploma ya Serikali, mzazi wake anaondoka naye. Paa linabaki kwangu, na likivuja nitaulizwa mimi." Pia kuna suala la kiwanja. Shule yetu ni miongoni mwa zile zinazoendeshwa chini ya Mkataba uliotiwa sahihi kati ya Serikali na makanisa tarehe 26 Februari 1977. Serikali ndiyo inayolipa walimu na kuweka mitaala, na kanisa ndilo linalosimamia uendeshaji na lenye ardhi. Kamati ya wazazi haina uwezo wa kufunga mkataba wa ujenzi juu ya ukuta usio wake.

Baada ya mabishano marefu mkutano ulikubali kutofautisha hatua ambazo watu huzichanganya wanapozungumzia usimamizi wa michango. Kabla ya kuomba, COPA na shule zitatia sahihi karatasi moja inayotaja lengo, kiasi kinachohitajika na tarehe ya kufunga mchango, na fedha iliyoombwa kwa lengo hilo haiwezi kuhamishiwa jambo lingine ila kwa uamuzi wa mkutano mkuu. Kupokea ni kazi ya wazazi peke yao, kupitia wajumbe wa madarasa na mweka hazina wa COPA, huku mhasibu wa shule akiweka nakala ya namba za risiti bila kugusa fedha. Makadirio ya gharama yataombwa na shule, kwa kuwa ndiyo inayojua jengo na ndiyo itakayoishi nalo, na bahasha za wauzaji zitafunguliwa mbele ya pande zote mbili. Kutoa fedha kutahitaji sahihi ya mweka hazina na ya Bwana Prefe.

Wengi walipiga makofi waliposikia habari ya sahihi mbili, kana kwamba kazi imekwisha. Mimi nina mashaka na imani hiyo. Sahihi mbili zinalinda mahali fedha inapotokea, lakini hazisemi lolote juu ya fedha ambayo haikuandikwa ilipoingia, wala juu ya lengo lililobadilishwa kimya kimya kati ya kuomba na kununua. Watu wawili waaminifu wanaweza kabisa kutia sahihi ununuzi ambao hakuna aliyeuchangia. Ndiyo maana niliomba karatasi ya lengo isomwe mara ya pili kwa sauti kabla ya kikao kufungwa, ingawa mvua ilikuwa inakaribia na watu walikuwa wamekwisha kushika miavuli.

Jambo jingine liliamuliwa haraka kwa sababu halikuwa na mpinzani. Uwanja wetu tunautumia pamoja na shule ya msingi, na huko hakuna ruhusa ya kumdai mtoto chochote. Mwanafunzi wa msingi hatapewa karatasi ya mchango wala kuulizwa darasani, na mzazi wake akitaka kuchangia atakuja mwenyewe kwa mweka hazina. Kwa sekondari, ubao utaonyesha jumla ya kila darasa bila jina la mtu.

Mwisho wa Oktoba, fedha zinaanza kuingia

Kufungua akaunti kwenye ushirika wa akiba na mikopo kulichukua muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Walidai muhtasari wa mkutano mkuu wenye orodha ya waliohudhuria, barua ya shule, na nakala za kadi za uchaguzi za wote watakaotia sahihi, kwa kuwa kadi hiyo ndiyo kitambulisho cha wengi wetu. Kadi ya mweka hazina ilikuwa imefutika maandishi kiasi kwamba jina lake halikusomeka, ikabidi atafute kitambulisho kingine. Nalitaja hili kwa ajili ya kamati nyingine zinazofikiria njia hii: kadi za watia sahihi zikaguliwe siku ile ile wanapochaguliwa.

Wakati huo wazazi walikuwa wamekwisha kuanza kutuma fedha kwa simu, na hapo pana ugumu ambao sahihi mbili haziutatui. Laini ya simu husajiliwa kwa jina la mtu mmoja na fedha yake hufunguliwa kwa namba moja ya siri. Mtu akisema kwamba mmoja ashike simu na mwenzake ajue namba, amejenga utaratibu utakaovunjika siku mmoja wao atakapougua. Tulichagua kuitumia laini hiyo kwa kupokea tu. Kila Ijumaa mchana mweka hazina huketi mezani katika chumba cha walimu pamoja na mhasibu wa shule na mjumbe mmoja wa darasa, salio la simu husomwa kwa sauti na kuandikwa, kisha fedha yote hutolewa na kupelekwa kwenye akaunti. Makato ya kutoa fedha huandikwa kama gharama ya mradi, kwenye mstari wake. Hapo zamani makato kama hayo yalikuwa yakimezwa na neno "mengineyo", na neno hilo limewahi kuzaa uhasama kati ya majirani.

Kuhusu noti, Lubumbashi ni mji wa fedha mbili, na daftari lisilokubali hilo litadanganya hata kama mwandishi wake ni mtakatifu. Ukurasa una safu ya dola na safu ya franki, na risiti huandikwa kwa fedha ileile iliyoletwa. Hatubadilishi franki kuwa dola ili jumla ipendeze. Fedha ikibadilishwa kwa ajili ya ununuzi, kiwango cha siku hiyo kinaandikwa pamoja na jina la aliyeshuhudia. Tatizo lililobaki ni dola zilizochanika. Ijumaa ya kwanza, mweka hazina aliinyoosha noti ya dola ishirini kwenye mwanga wa dirisha, akakuta mpasuko mdogo ukingoni, karibu na namba, usiofika hata nusu ya ukucha. Hakuna muuzaji wa vifaa vya ujenzi katika mji huu ambaye angeipokea. Risiti ilikuwa imekwisha kutolewa na mjumbe wa darasa, kijana mwenye heshima ambaye aliona haya kumrudishia mtu mzima fedha yake. Tulikubaliana kwamba noti za dola zitakaguliwa mezani, mbele ya mtoaji, na kwamba mjumbe wa darasa atapokea franki peke yake. Noti ile ilirudishwa kwa mwenyewe na risiti ikafutwa kwa mistari miwili na sahihi mbili, ikabaki ndani ya kitabu.

Novemba, saruji ya mfadhili

Mtu mwenye kampuni ndogo inayofanya kazi za migodini, mzazi wa zamani wa shule, alimpigia Bwana Prefe kumwahidi mifuko ya saruji. Saruji ilifika Jumamosi na kuwekwa ghalani, na kamati ikapata habari kutoka kwa mlinzi. Hakuna kilichopotea. Hata hivyo wazazi kadhaa walikuja kuniuliza kama makadirio yatapunguzwa, kwa kuwa saruji ya kufungia vichwa vya kuta ilikuwa ndani ya hesabu waliyoichangia. Swali lao ni la msingi kabisa. Msaada wa vitu unaopita pembeni ya daftari hugeuza bajeti yote kuwa ya uongo, kwa sababu fedha iliyopangwa kwa kitu hicho hubaki bila kazi, na fedha isiyo na kazi haikosi kupata mlezi.

Bwana Prefe alikubali bila kinyongo kwamba kila msaada wa vitu uandikwe kwa idadi na thamani yake katika daftari lile lile, na kwamba mfadhili aandikiwe barua yenye sahihi za pande mbili. Fedha ya saruji iliyookolewa tuliihamishia kwenye mbao, na mkutano wa wajumbe wa madarasa uliidhinisha, kwa kuwa lengo lilikuwa bado lile lile.

Habari za migodi zilipotajwa, swali la zamani lilirudi: kwa nini mzazi wa Katuba achangie paa katika mkoa unaouza shaba na kobalti? Nilieleza ninachojua. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini inayochimba, hivi: asilimia 50 kwa Serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa mamlaka ya eneo ambamo uchimbaji unafanyika, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kila kampuni inapaswa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mradi wake. Fungu la asilimia 15 na lile la asilimia 0.3 hufuata mahali shimo lilipo. Shule iliyo mbali na shimo haina dirisha la kwenda kudai moja kwa moja, isipokuwa kupitia mkoa, na barua ya kwenda mkoani tumeiandika. Paa haliwezi kungoja jibu.

Mwisho wa Novemba, mabati

Makadirio yaliandika mabati ya BG 30. Kwa wasiofanya kazi hii, namba ikipanda bati linakuwa jembamba, kwa hiyo BG 32 ni rahisi kwa bei na huimba kwa kila upepo. Lori lilipoingia uwanjani saa nne asubuhi, aliyetumwa kupokea alikuwa mwalimu wa zamu, na hati ya kupokelea mali ilikuwa tayari juu ya kofia ya lori ikingoja sahihi. Kwa utaratibu tuliopatana, mjumbe mmoja wa wazazi alipaswa kuwepo, naye alikuwa fundi seremala mzee mwenye watoto wawili hapa shuleni. Hakuhesabu kwanza. Alivuta bati la katikati ya rundo, akalishika pembe kwa kidole gumba na cha shahada, akalikunja kidogo, likakunjika. Kisha akavuta la juu, akafanya vilevile, nalo likagoma.

"Papa Prezida," akamwambia mwenyekiti wetu kwa simu, "ya juu ni ile tuliyoandika. Ya katikati ni nyingine."

Dereva alisema yeye ni mbebaji tu, na nadhani alisema kweli. Mwalimu wa zamu, ambaye siku ya kawaida angetia sahihi kwa adabu na kurudi darasani, alikataa kutia. Muuzaji alikuja mwenyewe alasiri, akaeleza kwamba ghala lilichanganya marundo, akabadilisha yote siku iliyofuata. Sina haja ya kumtaja, maana alirekebisha. Ninachokiandika kwa ajili ya watakaotufuata ni kwamba kosa hili lisingeonekana kwenye sahihi za malipo. Ankara ilikuwa sahihi, idadi ilikuwa sahihi, na Bwana Prefe na mweka hazina wangeidhinisha fedha ile wakiwa na dhamiri safi. Lilionekana kwa sababu makadirio yalitaja aina ya bati, na kwa sababu mzazi anayejua bati alikuwa na haki iliyoandikwa ya kuligusa kabla halijapokelewa. Tangu siku hiyo nimeacha kuwasihi wazazi waje kusimamia fedha. Naomba kila darasa liniambie mzazi gani anajua mbao, nani anajua nyaya za umeme, nani amewahi kuweka hesabu za duka.

Desemba

Kazi ya kuezeka ilipangwa likizo ya Noeli, ili madarasa yasihamishwe zaidi ya yalivyokwisha kuhamishwa, kwani wanafunzi wa jengo la nyuma walikuwa wakisoma kwa zamu ya mchana tangu Oktoba.

Kabla ya likizo mjumbe wa walimu alitoa malalamiko ambayo yanastahili kuandikwa kama alivyoyasema: kwamba COPA inapata fedha za mabati, lakini walimu wapya ambao bado hawajaingizwa kwenye orodha ya mishahara ya Serikali wanaendelea kuishi kwa motisha inayochelewa. Wazazi kadhaa walikasirika, wakidhani anataka fedha za paa. Hakuzitaka. Alikuwa akiuliza kwa nini mlango huu wa michango una madaftari, mashahidi na ubao wa matangazo, ilhali fedha ya motisha, ambayo nayo hutoka kwa mzazi, bado inapita kwenye dirisha lisiloonekana. Swali hilo lilimgusa Bwana Prefe kuliko sisi, na aliomba lipelekwe COGES. Kwa upande wetu mjumbe wa walimu amepewa kiti kwenye meza ya Ijumaa.

Januari, makabidhiano

Paa limekamilika na madarasa yote manne yanatumika asubuhi. Hati ya makabidhiano ilitiwa sahihi na mwenyekiti wa COPA, Bwana Prefe na mwakilishi wa kanisa, na ndani yake imeandikwa kwamba matengenezo ya kila mwaka ni jukumu la shule kutoka fungu la uendeshaji, kwamba mabati hayatang'olewa wala kuhamishiwa jengo lingine bila kamati kuarifiwa kwa barua, na kwamba fundi atarudi bila malipo iwapo litavuja kabla ya mvua za msimu huu kuisha. Kipengele cha pili kilimshangaza mwakilishi wa kanisa, lakini wazee waliokuwapo walimweleza kisa cha madawati yaliyowahi kuchangiwa na wazazi na baadaye yakaonekana mahali pengine, naye akatia sahihi.

Salio ni dogo, nalo limezua mjadala mkubwa kuliko salio lenyewe. Shule inaomba liwe mwanzo wa mchango wa maabara, kwa hoja kwamba wazazi wangali na moyo na meza ya Ijumaa imezoeleka. Mweka hazina anataka libaki kwenye akaunti kama akiba ya dharura ya paa hili hadi mvua ziishe mwezi wa nne. Naunga mkono mweka hazina, kwa sababu karatasi ya lengo inataja paa tu, na ruhusa ya kuligeuza iko kwa mkutano mkuu, ambao haujaitwa. Bwana Prefe ameombwa aandae makadirio ya maabara kwa wakati huu, nasi tumeombwa tutafute mzazi anayejua mabomba ya maji. Mkutano utaitwa baada ya likizo ya Pasaka. Sahihi za akaunti zitabadilishwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa mweka hazina wetu ana mtoto wa mwaka wa mwisho, na kadi ya mrithi wake itakaguliwa kabla hajapigiwa kura.